Kodi ya simu idaiwe kwa mwagizaji, mnunuzi asizimiwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo limenigusa kikazi kwa muda sasa, nalo ni kusajiliwa kwa simu zinazoingizwa nchini kutoka ng'ambo na kulipiwa ushuru. Mimi ni fundi wa simu hapa Mombasa. Kwa zaidi ya miaka kumi nimekaa katika kibanda kimoja karibu na Mwembe Tayari nikibadilisha vioo, betri na matundu ya chaji, na mara kwa mara nikiuza simu moja mbili zilizotumika ambazo wateja huniachia niwauzie. Sisemi kwa niaba ya chama wala kampuni yoyote. Nasema niliyoyaona juu ya meza yangu ya kazi tangu ilani za mwishoni mwa 2024 zilipotolewa.

Wasomaji watakumbuka kwamba mnamo Oktoba 2024 Mamlaka ya Mawasiliano ilitangaza kuwa kuanzia tarehe 1 Januari 2025 kila simu itakayoingizwa, kuunganishwa au kuuzwa nchini Kenya itapaswa kuthibitishwa kwamba imelipiwa kodi. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Novemba, Mamlaka ya Ushuru, KRA, ikatoa ilani yake ikieleza utaratibu wenyewe: waagizaji waandike IMEI, yaani nambari ya utambulisho, ya kila kifaa katika mfumo wa forodha, viwanda vinavyounganisha simu humu nchini vifanye vivyo hivyo, na msafiri anayeingia aitaje simu atakayoitumia humu pamoja na nambari hiyo katika fomu ya forodha ya F88. Kampuni za mawasiliano nazo ziliagizwa ziruhusu kwenye mitandao yao simu zile tu zilizomo katika orodha ya zilizolipiwa, na simu isiyomo iwekwe kando kwa muda ili mwenyewe arekebishe hesabu zake, la sivyo izimwe. Simu zilizokuwa tayari hewani kufikia 31 Oktoba 2024 hazikuhusika.

Katiba Institute, shirika la kutetea Katiba, likaenda mahakamani. Mahakama Kuu ilisimamisha utekelezaji wa agizo hilo kabla halijaanza, na Julai 2025 Jaji Chacha Mwita akaamua kwamba ilani hizo zilikiuka Katiba, ikiwemo haki ya faragha iliyo katika Kifungu cha 31. Wengi waliona kuwa mambo yameishia hapo. Mimi sioni hivyo. Mwaka 2012, nikiwa bado najifunza ufundi, simu bandia zaidi ya milioni moja zilizimwa nchini mwishoni mwa Septemba. Baadaye ukaja mpango wa kuweka mitambo ya kutambua vifaa ndani ya mitandao ya kampuni za simu, na kesi yake ikapanda ngazi zote hadi kumalizwa na Mahakama ya Juu mwaka 2023. Mwaka mmoja na nusu baadaye tukapata ilani hizi za ushuru. Jambo hili kila likizikwa hufufuka kwa jina jingine, na serikali bado inahitaji mapato, kwa hiyo ni afadhali sisi tulio karibu nalo tuseme sasa, kabla ya rasimu nyingine kuandikwa na watu wasiowahi kukaa mbele ya mteja mwenye simu ya zawadi.

Wiki ya pili ya Januari 2025 alikuja kibandani mama mmoja wa makamo kutoka upande wa Kilifi, simu ameifunga ndani ya leso. Binti yake anafanya kazi za nyumbani Saudia na alikuwa amemtumia simu hiyo kwa mkono wa mwenzake aliyekuja likizo. Kule stendi alikoshukia, mama alikutana na kijana aliyemwambia kwamba simu zote zinazotoka Arabuni zitazimwa, na kwamba yeye anaweza kumsajilia kwa shilingi 2,500. Mama akazitoa. Kijana akampa kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu ya bluu, akamwambia hiyo ndiyo nambari ya usajili na aitunze.

"Mwanangu," akaniambia, "nitazamie kama kweli imeingia."

Nilibonyeza *#06#, kama mtu yeyote awezavyo kufanya kwenye simu yake, na nambari ikatokea kwenye kioo. Nikaiweka simu kando ya kikaratasi, nikasoma tarakimu moja moja. IMEI ina tarakimu 15. Kikaratasi kilikuwa na 14. Kijana aliinakili nambari ya simu ile ile, akairuka sifuri moja katikati, na huo ndio uliokuwa usajili wote. Wakati huo amri ya mahakama ilikuwa imekwisha kutolewa na hapakuwa na simu ya kuzimwa, lakini habari za mahakama hazifiki stendi kwa kasi ya habari za kutisha.

Nilimweleza, "Mama, hapa hakuna kitu kilichosajiliwa. Lakini simu yako haina tatizo, itumie tu." Aliikunja ile karatasi, akairudisha kwenye pindo la leso, kisha akaniuliza swali ambalo limenifanya niandike barua hii: "Sasa, kama kweli inadaiwa, niende nikalipe wapi?"

Sikuwa na jibu. Nimezisoma ilani zile mbili mara nyingi. Mwagizaji alielezwa aende wapi, kiwanda kikaelezwa, msafiri akaelezwa fomu ya kujaza. Mtu aliye Kilifi, ambaye simu imemfikia mkononi ikiwa imekwisha kuvuka forodha na hana risiti wala jina la aliyeinunua dukani, aliambiwa tu kwamba atapewa nafasi ya kurekebisha. Hakuonyeshwa dirisha wala kiasi, wala mtu wa kumuuliza kwa Kiswahili. Pale palipobaki wazi ndipo yule kijana wa stendi alipoweka duka lake.

Naomba nisieleweke vibaya. Kodi ilipwe. Ninao rafiki zangu wauza simu wanaoagiza mzigo kwa njia ya halali na kulipa kila senti, na wanaumizwa na mtu aliye mlango wa tatu kutoka kwao ambaye huuza simu aina ile ile kwa bei ya kutupa. Lakini inafaa wasomaji wajue uzito wa kodi yenyewe, kwa sababu humo ndimo mlimo chanzo cha magendo. Tuchukue, kwa viwango vya mwaka 2025, simu iliyothaminiwa forodhani kwa shilingi 20,000. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni shilingi 5,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, ulioletwa na Sheria ya Fedha ya 2022, hupigwa baada ya ushuru wa forodha kuongezwa juu ya thamani, hivyo ni shilingi 2,500. Kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 16 nayo hupigwa juu ya jumla hiyo, ikawa shilingi 4,400. Ongeza ada ya tamko la uagizaji ya asilimia 2.5, ambayo ni shilingi 500, na tozo ya reli ya asilimia 2, ambayo ni shilingi 400. Simu ya 20,000 imedaiwa shilingi 12,800 kabla muuzaji hajaweka faida yake wala pango la duka. Anayefaulu kupitisha masanduku yenye simu mia moja bila kuzitaja anabaki na zaidi ya shilingi milioni moja na laki mbili mfukoni.

Fedha hizo zinajulikana zinapopotelea. Simu haziogelei zikatua ufuoni. Huja kwa mizigo ya ndege inayotua Nairobi na Eldoret, kwa makontena ya Kilindini, na kwa mabegi ya watu wanaosafiri Dubai mara kwa mara kwa biashara. Kila moja ya njia hizo ina afisa, ina karatasi na ina jina la mwenye mzigo. Mtu wa mwisho, aliyenunua simu dukani Marikiti kwa bei iliyoandikwa na kutoa fedha zote alizoombwa, ndiye pekee katika mnyororo huo asiye na namna ya kujua kilichotokea forodhani. Kumzimia yeye simu ili kumfikia aliyekwepa kodi ni kumfunga aliyenunua mkate kwa sababu mwokaji hakulipia unga.

Na kuzimiwa simu si jambo dogo kwa watu wa hali yetu. Mwenye kazi ya ofisi ana simu mbili na kompyuta. Wateja wangu wengi wana simu moja. Ndiyo benki yao, ndiyo inayopokea fedha kutoka kwa mtoto aliye ng'ambo, ndiyo inayolipia stima na karo. Ni kweli kwamba fedha za M-Pesa hukaa kwenye laini na hazipotei simu ikizimwa. Mtu anaweza kuitoa laini na kuitia kwenye simu ya kabambe ya jirani. Lakini mpe mtu wa Magarini, Kilifi, maelezo hayo usiku ambao mtoto wake ana homa na simu imekataa kushika mtandao, uone kama yatamsaidia.

Hapa nifungue jambo linalowachanganya wengi, na ambalo ilani zijazo zingefaa kulieleza kwa aya moja tu. Kusajili laini na kusajili simu ni vitu viwili. Laini husajiliwa kwa kitambulisho cha mtu, na hilo Wakenya wamelizoea. IMEI ni nambari ya kifaa chenyewe, hutiwa kiwandani, na hubaki na simu hata mwenyewe akibadilisha laini mara kumi. Simu ya laini mbili kwa kawaida ina IMEI mbili. Mwezi ule wa Januari walinijia watu walioamini kwamba, kwa kuwa laini zao zimesajiliwa, simu zao nazo ziko salama, na wengine walioamini kwamba wakinunua laini mpya simu itasamehewa. Mmoja alikuwa tayari kuuza simu ya shilingi 18,000 kwa 7,000 kwa hofu, ilhali aliinunua mwaka 2023 na haikuhusika kabisa. Nilimzuia. Sijui ni wangapi ambao hawakupata wa kuwazuia.

Tena IMEI yenyewe haina uthabiti ambao walioandika ilani waliudhania. Tarakimu nane za kwanza hutaja aina ya simu, sita zinazofuata ni za kifaa hicho peke yake, na ya mwisho ni ya kuhakikisha kwamba zile nyingine hazikukosewa. Utaratibu huo ni mzuri maadamu hakuna aliyeuchezea. Lakini wako mafundi, na nalisema hili kwa uchungu kwa sababu wananiharibia kazi, wanaoweza kuifuta IMEI ya simu na kuandika nyingine. Hata mwaka 2012 sehemu ya tatizo ilikuwa simu zenye nambari zilizonakiliwa au zisizo na nambari halali. Sasa fikiria orodha inayosema kwamba simu yenye nambari fulani imelipiwa kodi na kwa hiyo iko huru. Nambari hiyo imechapishwa nje ya kasha, na kasha liko kwenye kabati ya kioo dukani. Mlaghai atainakili, aitie katika simu ya magendo, na siku simu hizo mbili zikionekana hewani kwa pamoja, mtambo hautajua ni ipi ya halali. Aliyelipa kodi yote anaweza kuwa ndiye atakayezimiwa.

Wenzetu wa Tanzania walipozima simu bandia tarehe 16 Juni 2016 walikuwa na shabaha tofauti, kwa kuwa kule suala lilikuwa ubora na uhalisi wa simu na wala halikuwa ushuru. Lakini kuna jambo moja nililolipenda. Miezi kadhaa kabla ya tarehe hiyo, mwananchi aliweza kutuma nambari ya IMEI kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 akajibiwa kama simu yake ni halisi. Ndugu zangu wa Tanga walikuwa wakiingia dukani, wanabonyeza *#06#, wanatuma, wanasubiri jibu, ndipo wanatoa fedha. Huo ndio ulinzi wa mnunuzi ninaoujua mimi: anaujua ukweli akiwa bado na fedha mfukoni. Kwetu sisi, ilani zilitaja orodha ya simu zilizolipiwa, lakini katika wiki zile za wasiwasi sikumwona mteja hata mmoja aliyekuwa na njia ya kuitazama orodha hiyo mwenyewe.

Kuhusu simu za zawadi, ambazo hapa Pwani ni nyingi kuliko watu wa Nairobi wanavyodhani, sheria ya forodha wakati ilani zinatolewa ilimruhusu msafiri kuingia na bidhaa zake zisizozidi thamani ya dola 500 bila kutozwa. Simu aliyotumiwa yule mama haikufika hata nusu ya thamani hiyo. Kati ya wote walionijia na simu kutoka Doha, Riyadh, Muscat na Dubai, hakuna aliyekuwa amesikia habari ya kiwango hicho. Waliosikia habari ya fomu waliogopa kwamba kuiandika simu humo ni sawa na kukubali deni, kwa hiyo waliona heri kunyamaza. Binti anayepiga deki nyumba ya watu miaka miwili ili mamake apate kumwona uso kwa simu ya video si mfanyabiashara, na forodha inayomfanya atetemeke mbele ya fomu imemkosea.

Ninachoomba, endapo utaratibu mwingine unaandikwa, ni kwamba kwanza upitie Bungeni na kwenye vikao vya wananchi katika kaunti, Kilifi na Kwale zikiwemo, na uandikwe kwa Kiswahili pia. Kodi yote idaiwe kwa mwagizaji pale mzigo unapoingia, na duka litakalokutwa likiuza simu zisizolipiwa lidaiwe lenyewe, kwa kuwa lina leseni, lina vitabu na linajua limenunua kwa nani. Mnunuzi apewe nambari fupi ya bure ya kukagua IMEI, itakayofanya kazi hata kwenye mulika mwizi isiyo na intaneti, na jibu lake liseme imelipiwa au haijalipiwa bila kumtaka ataje jina wala kitambulisho chake. Hilo la mwisho nalitilia mkazo, kwa sababu hofu ya watu kwamba serikali itaijua kila simu iko mkononi mwa nani si hofu ya kupuuzwa, na mahakama haikuipuuza. Mwagizaji akiishalipa, mamlaka inahitaji kujua kwamba kifaa kimelipiwa. Haihitaji kujua kimelala nyumba gani.

Simu moja ya zawadi au ya matumizi binafsi iliyo ndani ya kiwango cha msamaha wa msafiri isamehewe kwa maneno yaliyo wazi, yaandikwe kwenye fomu yenyewe na kubandikwa ukutani uwanja wa ndege, ili msafiri aitaje simu yake bila woga. Na simu iliyokwisha kufika mkononi mwa mtu kwa njia hizi isizimwe. Ikibidi kudaiwa chochote, mwenyewe aambiwe kwa ujumbe unaotaja kiasi na mahali pa kulipia, apewe miezi ya kutosha, na apewe risiti yenye tarakimu zote 15.

Sisi mafundi nasi tuna sehemu yetu. Ningekubali kibanda changu kiandikishwe, na ningekubali kushtakiwa nikikutwa nimebadilisha IMEI ya simu. Tangu Januari ile nimeweka daftari mezani: kila simu ninayoiuza kwa niaba ya mteja naandika IMEI yake mbele ya muuzaji na mnunuzi, na kila mmoja anaondoka na nakala. Inanichukua dakika tano, na sijalazimishwa na mtu.

Yule mama alirudi mwaka huu kubadilishiwa tundu la chaji. Simu yake inafanya kazi na binti yake bado yuko Saudia. Fedha zake 2,500 hazikurudi, na kijana wa stendi hajaonekana tena. Kabla sijamaliza kazi aliniuliza tena kama kuna mahali pa kulipia, kwa sababu amesikia redioni kwamba habari za ushuru wa simu zinazungumzwa upya, naye hataki kudaiwa na serikali. Nilimwambia bado. Wanaoandika utaratibu huo wamjibu yeye kwanza, ndipo waandike tarehe ya kuzima simu.

Fundi wa simu,
Mwembe Tayari, Mombasa.